Maji ya Moto ya Shangazi

Bwenini, 6 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na begi langu linanukia sabuni za kufulia ulizonipa kiasi kwamba bawabu ameniuliza kama nimekuja kusoma au kufungua duka. Mwenzangu wa chumba naye amerudi, na ndoo. Utafiti wake ni kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na makombo ya maharage ya kantini. Ndoo iko chini ya kitanda chake. Ina mfuniko, lakini mfuniko wenyewe ni wa heshima tu. Ukisikia nimehamia kulala kwenye korido, usishangae. Kuna na kijana wa ghorofa ya chini anayechunguza taa zinazoachwa zikiwaka vyooni. Siku hizi akiingia mlango huu, watu wanatokea ule.

Haya, tuje kwenye pipa letu. Mshukuru sana Baba kwa sanduku alilolichongea. Pipa jeusi limekaa humo ndani kama limezaliwa humo, na kioo juu kimeziba sawasawa. Unajua mwaka huu ndio wa mwisho kwangu. Bila utafiti sina shahada, na bila pipa hilo sina utafiti. Mwezi wa saba kuna Siku ya Utafiti: kila mmoja anasimama mbele ya jopo la walimu na kueleza alichokiona. Asiyewaridhisha atakaa viti vya nyuma kuwapigia makofi wenzake wakivaa majoho.

Kazi yako ni ndogo. Asubuhi fungulia mpira, pipa lijae maji. Saa tisa alasiri fungua koki ya bomba linaloshuka uani, kinga kikombe, tumbukiza kipimajoto, andika. Basi. Mengine ni kazi ya jua. Mwalimu anataka vipimo kwa mwandiko wa anayepima, hataki habari za simu, na dereva wa lori la sabuni amekubali kuwa posta yetu.

Kitu kimoja nakuomba kwa unyenyekevu wote: vumbi. Mtaa wenu una vumbi la kujitosheleza na la kuuza nje. Likikaa juu ya kioo, jua halipiti. Vumbi ndilo adui mkubwa wa utafiti wangu, Shangazi. Mshughulikie unavyojua wewe.

Na kifua kinaendeleaje? Usiniambie "hakijambo", maana ndivyo ulivyoniambia likizo nzima huku unakohoa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Pipa hili nimelitengeneza kwa ajili ya shahada, ndiyo, lakini nimelitengeneza pia ili lile jiko lako la kuni lipumzike.

Mwanao,
Kijiti

*

Uani kwa dobi, 29 Januari

Kijiti wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi huku wazima. Baba yako amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, na tangu aipate anazungumza na watu wazima kama wamekaa darasani. Mke wa jirani yetu fundi cherehani amejifungua mtoto wa kike. Sauti anayo, nywele bado. Nepi nafua mimi, kwa hiyo namjua mtoto yule kuliko baba yake anavyomjua. Mimi mzima. Kifua hakijambo.

Sasa pipa. Wiki uliyoondoka baba yako alikaa hapa uani na kikombe cha chai, akalitazama pale juu ya bati la banda, akaniambia, "Dada, kazi ya jua ni kukausha. Kupika ni kazi ya moto. Sanduku nimelichonga kwa kuwa mtoto ni wangu, lakini maji yale hayataunguza hata inzi."

Nikachemka mimi kabla ya maji! Nikamwambia mbele ya fundi cherehani na mkewe: pipa la Kijiti lisipotoa maji ya moto, nitakufulia nguo zako mwaka mzima, pamoja na lile ovaroli lililogandamana na gundi mpaka linasimama lenyewe. Na likitoa, wewe utanibebea mashuka ya nyumba ya wageni mwezi mzima, kichwani, mchana kweupe, upite nayo mbele ya karakana yako. Akacheka. Tukashikana mikono.

Basi soma karatasi niliyoambatanisha, mwanangu. Maji ni ya moto! Kila siku ya moto. Nimewaambia wateja wote, na ambaye hakutaka kusikia nimemwambia wakati namhesabia nguo, maana hapo hawezi kuondoka.

Vumbi usiniulize. Mimi ni dobi miaka yote hii, vumbi la mtaa huu linanijua. Kioo chako halijakigusa wala halitakigusa. Pipa nalitunza kama mwali.

Ngazi ya baba yako imeanza kulia kwenye kidato cha tatu kila nikipanda. Nimemwambia aje aigonge misumari. Kula vizuri, usije ukarudi mwembamba kuliko ulivyoondoka, tukakukosa mlangoni.

Shangazi yako,
Dobi Mkuu

*

Bwenini, 11 Februari

Shangazi, ewe Dobi Mkuu,

Shikamoo! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kuisoma kwa sauti kwenye korido. Mwalimu wangu, mama mmoja mfupi mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, na bado anatafuta wa tatu, ameziangalia nyuzi zako za joto akasema, "Pipa moja na kipande cha kioo? Hongera." Huyu mama hapongezi hovyo. Mwaka jana kuna mwanafunzi alipasua taa kwa bahati mbaya, akaambiwa hiyo ndiyo kazi yake bora.

Wewe ni mpimaji hodari kuliko wote, nimewaambia wenzangu wote. Mwenzangu wa chumba anataka kukuazima. Ndoo yake imepiga chafya juzi, tumefua mapazia. Ungekuwepo.

Lakini furaha yangu kubwa haiko kwenye shahada. Kila nikisoma nyuzi ulizoandika, nakuona unafua bila kuinama kwenye moshi. Kuni zimepungua kiasi gani? Na kifua je? Niandikie kwa kirefu, nataka kuliweka hilo la kuni kwenye utafiti.

Mwambie Baba aanze kufanya mazoezi ya shingo.

Mwanao,
Kijiti

*

Uani, 3 Machi

Kijiti wangu,

Marahaba. Polepole na sifa, mwanangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini barua yako nimempa fundi cherehani aisome, kisha mkewe, kisha mtoto nikamsomea mimi. Baba yako nimemwachia juu ya benchi lake la kazi, nikaondoka zangu.

Mvua imetushika wiki nzima. Jua tumeshalisahau sura. Mashuka ya wateja nimeyatundika ndani ya nyumba, natembea nimeinama kama naingia pangoni, na jana usiku nimejifunika shuka la mteja nikidhani langu. Muuza kuni maskini anakuja na mvua hiyohiyo, gunia kichwani. Amekuwa kama ndugu sasa, nampa na chai. Ngazi nayo inateleza, juzi nusura nishuke kabla ya miguu yangu.

Pipa lako halina habari na haya yote. Maji moto vilevile, tazama karatasi.

Kifua hakijambo.

Shangazi yako

*

Bwenini, 15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jua limerudi na sasa unaweza kutembea wima nyumbani kwako. Huku tuko salama. Mwenzangu wa chumba amefanikiwa kuwasha kibiriti kwenye mpira unaotoa gesi ya ndoo yake, ukatoka moto wa buluu mdogo kama ukucha, tukapiga vigelegele bweni zima. Bawabu alikuja mbio akijua kuna harusi au kuna maafa.

Nina swali dogo. Pengine ni mimi sijaelewa. Unasema wiki nzima jua hamkuliona, na karatasi ya wiki hiyohiyo inasema maji yalikuwa ya moto, tena siku mbili yalizidi ya siku za jua. Halafu huyu muuza kuni. Mbona anakuja sana kwa mtu ambaye maji yake yanapikwa na jua? Na ngazi unapanda kila siku kwenda wapi? Mpira wa maji uko chini, koki iko chini.

Ni dogo tu. Nijibu ukipata nafasi.

Na kuhusu kuni zilivyopungua hukuniandikia.

Mwanao,
Kijiti

*

Uani, 2 Aprili

Kijiti,

Marahaba mwanangu. Huku kuna mengi. Simu yangu nimeifua. Ilikuwa mfukoni mwa aproni, nikaitia yote kwenye beseni, nikasugua, nikasuuza, ndipo nikahisi kitu kigumu. Imetoka safi ajabu, lakini haisemi. Fundi simu ameiweka kwenye mchele, amesema tusali. Mtoto wa fundi cherehani ameanza kucheka. Baba yako amemaliza madawati, na moja amelibakiza ajikalie mwenyewe. Koti la mteja mmoja limeingiza rangi kwenye shati la mteja mwingine, na shati limependeza kuliko lilivyokuwa, mwenyewe kashukuru.

Uliuliza kuhusu ngazi. Napanda kufuta kioo, si ulinikataza vumbi? Uliuliza muuza kuni. Ni mtu wa adabu, hupita kunisalimu. Uliuliza kifua, hakijambo.

Nadhani nimejibu yote. Nguo zinanisubiri.

Shangazi yako

Nimesahau: karatasi ya vipimo hii hapa. Moto.

*

Bwenini, 20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Leo sina vichekesho, naomba unisamehe.

Mwalimu ameniita ofisini. Ametandaza karatasi zako zote mezani, akavua miwani yote miwili. Akasema, "Vipimo hivi ni vizuri kuliko jua lenyewe. Jua huugua, huingia mawinguni, huchelewa kuamka. Pipa hili haliumwi hata siku moja. Jopo wataniuliza mimi, nami nitakuuliza wewe, na wewe utamuuliza nani?" Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nimebakiwa na chini ya miezi mitatu. Siwezi kusimama pale mbele na karatasi hizi.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtoto wako, usinichukulie kama mwanafunzi wa mtu. Siku zile za mvua, maji yalipata wapi moto? Kama pipa langu halifanyi kazi, niambie. Kushindwa naweza kukuandika, Shangazi, kuna watu wameshindwa vizuri wakapewa majoho. Nisichoweza kuandika ni jambo nisilolijua.

Nasubiri dereva wa sabuni.

Mwanao

*

Uani, 18 Mei

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Dereva hana kosa, usimlaumu. Barua yako ilifika mapema, ikalala chini ya mto wangu, nami nikalala juu yake, na hakuna aliyepata usingizi kati yetu.

Haya. Siku ya kwanza nilifungua koki saa tisa kama ulivyoniagiza. Baridi. Nikasema pipa ni geni, halijazoea. Siku ya pili baridi. Ya tatu nilikinga kikombe, nikayanywa, mwanangu, na yakanikata kiu. Na baba yako alikuwa anapita kila jioni na lile tabasamu lake, "Dada, ovaroli nilete lini?" Nikawaza, mtoto huyu amesoma tangu ana meno ya maziwa, leo akose joho kwa ajili ya pipa la mafuta? Mtoto akianguka shimoni, mtu hapimi kwanza urefu wa shimo. Nikawasha jiko, nikachemsha sufuria kubwa, nikapanda ngazi na ndoo, nikainua kioo, nikalimiminia kwa juu. Ndiyo, kila siku, ingawa baba yako sikuthubutu kumdai abebe mashuka. Siku za mvua nilichemsha zaidi, nilimhurumia pipa, nikajua anasikia baridi kama mtu.

Wala sikukuandikia uongo. Uliniambia niandike maji yana nyuzi ngapi. Hukuniuliza nani kayapasha.

Najua. Usinijibu hilo, nalijua mwenyewe.

Nilikuwa nadhani nakubeba, kumbe nimekukalia. Roho inaniuma, Kijiti. Mwambie Mwalimu wako ni mimi, aniandikie mimi.

Wala sielewi kwa nini pipa lilikuwa baridi, maana nililitunza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hii. Fundi cherehani ananicheka mpaka leo, eti limelazwa na shuka jeupe kama mgonjwa wodini. Mwache acheke. Ulisema adui ni vumbi, nami siku ileile ulipoondoka nikatoa shuka langu zuri la pamba, nikalitandika juu ya kioo, nikalichomeka pembe zote. Kila Ijumaa nalifua na kulirudisha. Chembe ya vumbi haijapita.

Shangazi yako

*

Bwenini, 22 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Shuka. Kalitoe shuka. Weka barua hii chini, panda ngazi, lakini bila ndoo, litoe shuka, ushuke taratibu, uangalie kidato cha tatu. Nakusubiri hapa kwenye mstari unaofuata.

Umelitoa?

Shangazi yangu kipenzi, jua linaingia kwa kile kioo! Ndiyo mlango wake. Vumbi nililiogopa kwa kuwa linamzibia njia kidogo. Wewe ukamtandikia shuka zima, tena jeupe, tena la kwako, na hakuna kitu kinachofukuza jua kama shuka jeupe lililofuliwa na wewe. Pipa lilikuwa gizani tangu Januari. Lisingeweza kupasha hata mate.

Nimecheka bafuni, nikalia bafuni, nikacheka tena. Mwenzangu wa chumba alidhani ni ile ndoo imenidhuru.

Nilicholilia ni hiki. Nilitaka kukupunguzia moshi. Kumbe miezi yote hii ulikuwa unachemsha maji ya kufulia, na juu yake unachemsha ya kunidanganyia mimi. Utafiti wangu wa kupunguza moshi umekuongezea moshi. Na kosa nina fungu langu, maana nilikutajia adui na sikukueleza rafiki anaingilia wapi. Nilikuwa naandika kama mtu anayejua, nikasahau kufundisha.

Mwalimu nimemwambia yote. Aligeukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akasema karatasi za zamani hazifai kupimia pipa, lakini nisizitupe.

Sasa naomba ahadi mbili. Ya kwanza, kuanzia leo andika ulichokiona kwenye kikombe, hata kama ni baridi, hata kama Baba amesimama hapo na ovaroli. Ya pili, sitaki tena kusikia "kifua hakijambo". Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe unavyo vyote viwili na umejaribu kuvificha vyote viwili.

Mwanao anayekupenda,
Kijiti

*

Uani, 3 Juni

KIJITI!

Marahaba, marahaba! Dereva kaja na barua asubuhi, anasubiri nje, anapiga honi, mwache apige, amezidi kunitangulia kwenye haraka.

Shuka nililitoa siku ya pili tu baada ya kukuandikia mimi, kabla barua yako haijafika, kwa hasira. Nilisema, hata shuka langu halistahili kuteseka bure hapo juu. Nikalitazama lilivyo jeupe, nikaliacha kabatini, nikasahau na pipa lenyewe. Halafu wiki iliyopita baba yako akaja na mikono imejaa gundi, akanawa pale kwenye koki ya pipa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mwanangu! Aliruka nyuma, akapiga kisogo kwenye kamba ya nguo, akatamka neno ambalo mama yetu alimchapa kwa kulitamka akiwa darasa la kwanza. Fundi cherehani alitoka na shati la watu mkononi. Nikakimbia na kipimajoto. Nikapima mara moja, nikamwita fundi naye apime, nikampa na baba yako akapima mwenyewe huku anapuliza vidole.

Nikaanza kulia, mjinga mimi. Jua lilikuwa linafanya kazi yake peke yake, bila mimi, bila ndoo. Limefua mashuka ya nyumba ya wageni yote na jiko limelala na majivu baridi.

Baba yako akajifuta mikono kwenye ovaroli, akasema, "Sanduku lile nalo limesaidia." Nikamwambia ndiyo, kaka, sanduku limesaidia sana, na hili hapa furushi la kwanza, inamishe kichwa. Alipita mbele ya karakana yake mchana kweupe. Wanafunzi wake waliacha randa na misumeno, wakasimama kwa heshima kama jeneza linapita.

Karatasi hii hapa, Kijiti, ya siku zote tangu hapo. Hakuna maji yangu ndani yake.

Shangazi yako

*

Bwenini, 14 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Msalimie Baba na shingo yake.

Siku ya Utafiti ilikuwa jana. Mwenzangu wa chumba amefaulu: alichemsha chai mbele ya jopo kwa gesi ya maharage, na wote wakainywa, ingawa mmoja alifungua dirisha kwanza. Yule wa taa za vyooni amefaulu pia. Walipotoka ukumbini, walimu wenyewe walikuwa wanazima taa huku wakimtazama kwa hofu.

Mimi nilibandika ukutani michoro miwili. Mmoja niliuandikia juu "Maji ya Jua", ule mwingine "Maji ya Shangazi". Nikaeleza habari yote, shuka na ndoo na ngazi, na kosa langu la kutoa agizo nusu. Ukumbi ulicheka mpaka mzee mmoja wa jopo akaomba leso. Lakini hawakukucheka wewe, amini. Mwalimu mmoja mwanamke alisema kwa sauti ndogo, "Na mimi ningepanda."

Kisha yule mzee akajifuta macho akauliza, "Na mvua?" Vipimo vya kweli nilivyo navyo ni vya Mei mwishoni na Juni, na tangu hapo hamjapata hata wingu. Akasema, "Binti, kifaa ambacho hakijawahi kushindwa mimi sikijui. Mama mwenye nyumba akikinunua, lazima ajue ni siku gani kitamwacha. Niletee siku kilipokuacha." Wamenipa mpaka Novemba.

Kwa hiyo wenzangu watavaa majoho nami nitapiga makofi. Nimelia, sitakuficha, maana tumekubaliana kutofichana. Leo nimeamka naona yule mzee ana haki.

Nakuomba jambo gumu kuliko yote niliyokuomba. Mvua ikija, uyaache maji yawe baridi. Najua mkono wako utakavyokuwasha. Ukilimiminia hata kikombe kimoja, sitavaa joho Novemba wala mwakani.

Mwanao,
Kijiti

*

Uani, 9 Oktoba

Kijiti wangu,

Marahaba mwanangu. Baba yako mzima. Mwezi wake wa kubeba uliisha zamani, lakini bado anapita Jumamosi kuchukua furushi, anasema anapenda matembezi. Anachonga sanduku la pili, la fundi cherehani, kwa ajili ya nepi. Ngazi ameigonga misumari. Mtoto ana meno mawili na tayari ameshamng'ata muuza kuni, ambaye siku hizi akija anakuja kusalimu kweli.

Leo mvua imeanza alfajiri, imenyesha bila kupumua. Mashuka ya wageni yalitakiwa jioni, kwa hiyo niliwasha jiko la kuni, sina namna. Ilipofika saa tisa nilitoka na kikombe, nimejifunika gunia, nikafungua koki.

Baridi, Kijiti. Nilirudi jikoni. Sufuria lilikuwa linachemka, linatokota, mvuke unapanda, na ngazi ile pale ukutani, nzima, haina hata kidato kinacholia. Nikasimama mlangoni. Nikakuona wewe na joho, nikakuona na viti vya nyuma. Mkono uliniwasha kama ulivyosema. Nikauweka mkono huo mfukoni, nikauacha humo mpaka maji ya sufuria yakaishia kwenye mashuka ya watu.

Na hili uliandike, maana ulitaka habari za kuni na hukuzipata. Jana jua liliwaka, pipa lilipika, sikukohoa. Leo jiko limewaka, nimekohoa mpaka vikombe vimegongana kabatini, na hata sasa naandika huku nimeshika kifua. Nimekuwa nakwambia hakijambo tangu mwaka juzi. Jumatatu naenda kwa daktari, baba yako atanisindikiza, nimeshamwambia.

Karatasi ya vipimo imelowa pembeni, lakini inasomeka. Mpelekee yule mzee wa mvua. Leo, saa tisa alasiri: maji baridi, kifua kibovu, na Shangazi hakupanda ngazi.

Dobi Mkuu